Imejaa, Mama

Gurudumu la nyuma la kulia ndilo lililozama kwanza. Dereva alilihisi kwenye kiti kabla hajaliona: gari liliinama upande mmoja kama ng'ombe anayetaka kulala, likatikisika, likatulia. Akakanyaga mafuta kidogo. Mchanga ukaruka, gurudumu likazidi kujichimbia. Akaondoa mguu upesi.

"Tumekwama," alisema.

"Jaribu kurudi nyuma kidogo," mumewe akamshauri.

"We bwana, shika nyaya zako. Haya ni magurudumu."

Alikuwa na haki ya kumjibu hivyo. Mwanamke yule aliendesha malori ya mizigo tangu kabla hawajaoana, na uamuzi wake wa kuacha barabara ulikuwa sahihi kabisa. Mbele yao ukuta wa vumbi ulikuwa umesimama, mwekundu kama tofali, umeziba upeo wote, na unakuja. Kusimama katikati ya barabara ya changarawe kwenye vumbi la namna ile ni kumngoja mwenye lori akupande mgongoni. Kwa hiyo alitoka kando, mbali kidogo, kwenye ardhi iliyoonekana ngumu. Kumbe ugumu wenyewe ulikuwa ganda tu. Chini yake mchanga ulikuwa laini kama unga.

Kisha vumbi likawafikia, na mchana ukaondoka. Upepo ulilipiga gari ubavuni kwa mchanga, ukapenya kwenye mipira ya milango, ukaingia masikioni na kwenye meno. Simu hazikuwa na mtandao tangu jana yake. Hapakuwa na la kufanya ila kufunga madirisha na kungoja.

"Mama, uko salama huko nyuma?" mume aliuliza kwa sauti kubwa.

"Salama, baba. Betri yetu vipi?"

"Imejaa, mama. Usiwe na shaka."

Haikuwa imejaa, na yeye alijua.

Mtaani kwao walimwita Waya. Alikuwa fundi wa umeme wa majumba, mwenye mikono mizuri na mdomo mzuri zaidi, anayejiamini hadi kero. Gari lile, basi dogo la kisasa, aliligeuza mwenyewe kuwa gari la kulala: vitanda viwili, jiko, friji ndogo, na chini ya kitanda cha nyuma, betri ya pili. Betri ya kwanza ni ya kuwashia injini. Ya pili ni ya nyumba: taa, friji, na kubwa kuliko yote, mashine ya mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa mkunga mstaafu. Nusu ya mtaa ilipita mikononi mwake, ikiwa inalia. Sasa mapafu yake yalikuwa yamechoka, na mashine ndiyo iliyochuja hewa na kumpelekea puani kwa mrija mwembamba. Nyumbani aliishi kama mbuzi kwenye kigingi. Akitaka kwenda dirishani, anapima waya kwanza kama utafika. Dada yake mkubwa, pekee aliyebaki, alikuwa mgonjwa huko ng'ambo ya jangwa, na daktari alimkataza mkunga kupanda ndege. Ndipo Waya akajipiga kifua: "Mama, nitakupeleka mimi. Gari likitembea, injini inachaji betri ya pili, na betri ya pili inakupa hewa. Utalala njia nzima!"

Mkunga alilia kwa furaha. Akafunga begi siku hiyo hiyo, akalifungua, akalifunga tena.

Sasa, magari ya kisasa ni mabahili. Alteneta, kile kifaa cha injini kinachozalisha umeme, kikiona betri ya kwanza imeshiba, kinapumzika ili kuokoa mafuta. Betri ya pili hakiijui wala hakiihesabu. Ndiyo maana inatakiwa chaja maalumu katikati, ya kunyonya umeme kwa nguvu na kuulisha upande wa pili. Waya aliyajua hayo, na chaja aliiagiza. Ikachelewa. Kila jioni mkunga alikuwa sebuleni na begi lake miguuni, haulizi kitu, anatabasamu tu. Waya akashindwa kulivumilia tabasamu lile. Akachomoa rilei kwenye pikapu yake ya zamani, kiswichi kinachounganisha betri mbili injini ikizalisha umeme, akaifunga kwenye gari jipya.

"Chaja nimeshafunga," alimwambia mkewe.

Uongo mmoja, mdogo, wa kusogeza safari mbele. Tena alijaribu! Jioni moja alizunguka mjini na gari, betri ya pili ikachaji vizuri tu, akalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi. Lakini walipoingia jangwani, adhuhuri ya kwanza, alichungulia mita iliyo chini ya kitanda akaona mshale umeshuka. Asubuhi ya pili ulikuwa umeshuka zaidi. Akajiambia utapanda tu. Kila mkunga alipouliza, mdomo wake ulijibu wenyewe: imejaa, mama.

Upepo ulipozidi, mkewe alisogea nyuma kuchota maji. Waya alisikia kopo likianguka.

"Mama! Mbona midomo yako imekuwa hivyo?"

Mkunga alikuwa ameegemea mto, shali limemfunika mpaka kidevuni, mrija upo puani kama kawaida. Midomo yake ilikuwa ya rangi ya zambarau. Mkewe Waya aliinama, akaweka sikio kwenye mashine. Kimya. Kelele za upepo zilikuwa zimewafanya wote wasigundue.

"Nani kaizima?"

"Mimi," mkunga alisema. Alivuta pumzi mbili kabla ya neno lililofuata. "Tangu jana. Naiwasha nikizidiwa. Kisha naizima."

"Kwa nini, mama? Kwa nini?"

"Taa yake iligeuka njano. Nikaona umeme hautoshi. Sasa nimwambieje mkwe wangu? Kijana wa watu kajitahidi vile. Nikaona nimsitiri."

Ewe Mola! Mama mzima amekaa jangwani na mrija mkavu puani kwa ajili ya kumsitiri mkwe. Waya aliibonyeza swichi ya mashine. Ikaguna, ikalia mlio mrefu wa kulalamika, ikazimika. Akabonyeza tena. Haikuguna hata kidogo.

"Betri imekwisha," mkewe alisema. "Sawa. Nawasha injini, ichaji." Alikuwa ameshageukia usukani.

"Haitachaji."

"Nini?"

"Haitachaji," Waya alirudia, na sasa ilibidi maneno yote yatoke. "Sikufunga chaja. Ilichelewa. Nimefunga rilei ya pikapu. Nilidanganya. Niliwadanganya nyote wawili."

Mkewe alimtazama. Katika ndoa yao yote alikuwa hajawahi kumwita kwa jina la mtaani.

"Waya," alisema. "Mama yangu akifa humu, usinitafute."

Aliwasha injini hata hivyo. Waya akapiga magoti sakafuni, tochi mkononi, macho kwenye mita. Injini ikanguruma vizuri, dizeli ipo ya kutosha, betri ya kwanza imeshiba na alteneta imepumzika zake. Mshale wa betri ya pili haukutikisika. Alijaribu kuchomeka mashine kwenye soketi ndogo ya pale mbele. Fyuzi ikakatika papo hapo, soketi ile haikuumbwa kubeba mzigo ule. Akafikiria kuzifunga betri mbili pamoja kwa waya mnene, akaogopa: ile tupu ingeinyonya ile iliyojaa, injini ikizimika haitawaka tena, na hapo wangebaki na betri mbili zilizokufa. Machozi yalichanganyika na vumbi usoni, akawa hata mita haioni.

Nyuma yake mkunga alikuwa anajihesabia kwa sauti ya chini: "Vuta. Toa. Vuta. Toa." Maneno aliyowaambia wanawake wote wale, sasa alikuwa anajiambia mwenyewe.

"Mama, nisamehe," Waya alisema. "Nisamehe, nimekuua."

"Bado sijafa. Nyamaza." Pumzi. "Mimi sizalishi mtu kwa kilio. Mwanamke akiingia chumbani kwangu anaficha-ficha, namwambia: mficha uchi hazai. Fungua nione, ndipo nikusaidie."

"Mama!" binti yake alishtuka. "Mbele ya mkweo?"

"Mkwe ndiye niliyekuwa namstahi mpaka nakaribia kufa. Nimestahi vya kutosha." Akapumzika, kifua kikipanda na kushuka kwa kasi. "Wewe umeficha. Na mimi nimeficha. Makosa yetu ni ya wawili. Sasa fungua. Siku ile ya majaribio betri ilichaji, au pia ulidanganya?"

"Ilichaji, mama. Haki ya Mungu ilichaji."

"Nieleze. Ilikuwa lini? Ilikuwaje?"

Alikuwa anamhoji kama anavyomhoji mama mjamzito: ulianza lini, ulikula nini, ulilala upande gani. Waya akafunga macho kukumbuka. "Ilikuwa jioni. Baada ya kazi. Kulikuwa na joto kali, nikawasha kiyoyozi. Giza likaanza kuingia, nikawasha..."

Tochi ikamponyoka mkononi.

"Taa," alisema.

"Taa zimefanya nini?" mkewe aliuliza.

"Taa zilikuwa zinawaka! Siku ile gari lilikuwa linakula umeme mwingi, alteneta haikupata nafasi ya kupumzika. Jana tumetembea mchana kutwa bila taa, bila kiyoyozi, tunabana mafuta. Tumeilaza wenyewe! Washa taa. Washa kubwa. Washa feni mpaka mwisho, hita ya kioo cha nyuma, kila kitu kinachokula!"

Mkewe hakuuliza mara ya pili. Viganja vyake vilipita kwenye swichi zote kama mtu anayefunga nyumba mvua ikija. Taa kubwa zikamulika ukuta wa vumbi, feni ikavuma, hita ikaanza kuwapikia joto juu ya joto lililokuwepo. Sauti ya injini ikabadilika, ikawa nzito, kama mtu aliyetwishwa mzigo. Chini ya kitanda rilei ikalia: tak. Mshale wa mita ukatetemeka, ukaanza kupanda.

Walisubiri. Waya aliweka kidole kwenye swichi ya mashine, akakiondoa. Akamtazama mkunga.

"Bado kidogo, mama. Nikiwasha sasa itazima tena. Siwezi kusema imejaa."

"Usiseme," mkunga alijibu.

Alipoibonyeza hatimaye, mashine iliguna, ikasitasita, kisha ikashika mdundo wake. Mkunga alifumba macho. Muda ulipita kabla midomo yake haijaanza kurudi rangi, na mkewe Waya alikaa kando yake muda wote huo ameshika mrija kwa vidole viwili, kana kwamba ndiye anayeusukumia hewa.

Basi wangefurahi, lakini jangwa halina adabu. Mkewe Waya akainua pua.

"Nanusa moshi."

Waya alifungua mlango wa nyuma kwa bega. Upepo ulikuwa umekusanya mchanga upande ule na kuupandisha mpaka karibu na bampa. Bomba la moshi lilikuwa linazikwa. Injini haikutakiwa kuzimwa, kwa sababu ya hewa ya mkunga. Na isipozimwa, moshi wake ungerudi ndani kupitia sakafuni na kuwalaza watu usingizi wasioamka. Aliurudisha mlango, akajifunga shuka kichwani, akabeba sufuria kubwa kuliko zote, akatoka.

Hapo ndipo alipoijua kazi. Alichimba kwa sufuria, amepiga magoti, mgongo kwa upepo. Akitupa mchanga, upepo unamrudishia nusu usoni. Bomba lilikuwa la moto, likamuunguza kiganja mara ya kwanza, na mara ya pili, kwa sababu hakuona kitu. Shimo likishakaa vizuri anapumzika kidogo, na katika kupumzika huko kingo zinaporomoka. Anaanza tena. Kope zilivimba. Mchanga uliingia puani mpaka naye akawa anapumua kwa shida, akawaza kwamba hivi ndivyo mama mkwe anavyoishi kila siku. Chuma chochote alichogusa kilimng'ata, na kila kilipomng'ata kwenye kidonda alikishukuru. Alitaka kuumia. Aliona ni haki yake.

Mkewe alitoka, amejifunga kitambaa usoni.

"Lete sufuria!"

"Ingia ndani! Hii yangu!"

"Nimesema lete!"

"Niache, nimeyataka mwenyewe!"

Mkewe akamshika ukosi, akamvuta mpaka uso ukakaribia uso. "Sikiliza. Huu si wakati wa kutubu, ni wakati wa kupokezana. Ukianguka hapa ukiwa unajiadhibu, nani atatengeneza huko chini ya kitanda? Ingia, kunywa maji, angalia mita. Kisha rudi."

Akaingia. Mkunga alimwoshea macho kwa kitambaa kibichi. Mita ilikuwa inapanda, polepole. Akarudi nje. Wakapokezana hivyo mchana wote, huyu akitoka mwingine akiingia, wakipitana mlangoni kama zamu za kiwandani. Hawakuongea zaidi ya "maji" na "haya, zamu yako". Sufuria ilitoboka kitako. Wakahamia kwenye kifuniko cha jiko.

Jua likielekea kutua, upepo ulianza kuchoka. Vumbi lilibaki hewani, zito, huwezi kuona mbali. Waya alikuwa nusu mwili ndani ya shimo aliposikia mngurumo ambao haukuwa wa gari lao. Akainuka. Macho yake yalikuwa yamebaki vijistari viwili. Mbele ya gari, kule taa zilikomulika, kitu kikubwa cha njano kilikuwa kinakuja taratibu, na bamba lake la chuma limeinuliwa.

Lilikuwa greda la watengenezaji wa barabara. Dereva wake, jamaa mnene mwenye miwani ya vumbi, aliteremka akawatazama: mwanamume mwekundu kwa vumbi mwili mzima, sufuria isiyo na kitako, gari limezama mpaka tumboni na feni inavuma ndani.

"Mnapika nini humo?" aliuliza.

Hakuna aliyecheka. Kisha mkunga, kutoka nyuma, akacheka, na kicheko kikawa kikohozi.

"Nilikuwa narudi kambini," dereva wa greda aliwaeleza huku akifunga mnyororo. "Barabara yenyewe iko kule, mbali na hapa. Ningepita nisijue kama kuna mtu. Nikaona taa mbili. Nikasema, nani huyo anamulika jangwa? Nani kawapa akili ya kuwasha taa?"

Waya alifungua mdomo. Maneno mazuri yalikuwepo, tayari, yamepangana kama kawaida yake. Akayaacha.

"Sikuziwasha ili tuonekane," alisema. "Nilikosea kufunga betri. Taa zilikuwa za kurekebisha kosa langu."

Greda likawavuta mpaka kambini. Pale palikuwa na jenereta na soketi ya ukutani, na mkunga alilala akipumua kama mtoto aliyenyonya. Kulipokucha walisafiri kwa mwendo wa pole, taa zote zikiwaka chini ya jua kali. Wenye malori waliopishana nao walikuwa wanawapigia honi kuwakumbusha kuzima.

Dada mtu aliwapokea kitandani. Wale vikongwe wawili walishikana mikono wakalia, wakatukanana kidogo, wakaulizana habari za marehemu wote. Mkewe Waya alipika. Waya hakuingia. Alijidai ana kazi kwenye gari, viganja vimefungwa bendeji, akaing'oa rilei taratibu kwa ncha za vidole. Chakula alipelekewa nje. Ikawa hivyo siku iliyofuata na nyingine tena. Mkewe alianza kumwongelesha, kwanza kwa mambo ya chumvi na maji, kisha ya kawaida, lakini kila alipomwambia "ingia ukae na watu", Waya alisema anakuja, hakuja. Angekaaje? Kila alipoufikiria mrija mkavu, uso ulimwaka moto.

Asubuhi moja mlango ulifunguka. Mkunga alikuwa amevaa viatu vya safari, begi mkononi, shali shingoni. Dada yake alikuwa amepata nafuu, naye alitaka kurudi nyumbani. Mrija ulimfuata mpaka kizingitini, ukafika mwisho wa urefu wake. Akasimama hapo.

"Baba," alisema. "Betri yetu vipi?"

Lilikuwa swali lile lile, kwa sauti ile ile. Tabasamu nalo lilikuwepo. Waya aliweka bisibisi chini.

"Haijajaa, mama."

"Haijajaa?"

"Haijajaa. Rilei nimeitoa. Chaja niliomba itumwe huku kwa basi, imefika stendi leo asubuhi, sijaenda kuichukua, sijaifunga, sijaijaribu. Na nikiifunga nitataka tuzunguke nayo mchana, taa zimezimwa, wewe ukiwa hapa kwenye soketi. Leo hatuwezi kuondoka. Kesho pia sijui."

Mkunga alimtazama kwa muda, kama anavyomtazama mtoto aliyetoka sasa hivi, akingoja alie. Kisha akaliweka begi chini. Akaketi kizingitini, akavua kiatu kimoja, akavua na cha pili, akavipanga pembeni.

"Basi hatuendi," alisema. Akapapasa nafasi iliyobaki kando yake. "Njoo ukae, mkwe wangu. Chai inapoa."

Waya akaja, akakaa.